Nguruwe wa Gaudensi

Sumbawanga, Jumanne

Unisamehe, daftari, kwa kukunyamazia tangu tuhamie kwetu. Kalamu ilikuwapo, ila nilikuwa na hasira, nami siandiki nikiwa na hasira.

Leo nimekwenda kwa mara ya nne kwa Gaudensi, aliyekuwa mwenye nyumba wetu, kudai amana tuliyomwachia tulipopanga kwake. Bila fedha hiyo jiko letu jipya halitapata bati, na mawingu yameanza kujikusanya.

Gaudensi nilimfundisha darasa la nne. Aliponiona alichuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akasema, "Shikamoo, Mwalimu!" Mdaiwa anayekuheshimu kiasi hicho hana nia ya kukulipa.

"Marahaba. Fedha yangu."

"Fedha sina, Mwalimu. Lakini nguruwe yupo. Tena ana mimba! Utapata amana yako na riba juu."

Nikamtazama nguruwe. Naye akanitazama kama mkaguzi wa shule aliyenikuta sina andalio la somo. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sikumbuki kulifanya maishani.

Naihofia mvua. Nahofia zaidi majirani kumwona mwalimu mstaafu akimswaga nguruwe barabarani mchana kweupe.

Nilipomsimulia mke wangu nilitarajia angekasirika pamoja nami. Aliuliza tu, "Atazaa lini?"

Sasa yuko nyuma ya nyumba, anapigilia mbao za banda.

Nikishaamua nitakuandikia, ikiwa nitakuwa nimebakiziwa la kuamua.