Tundu la Mstari wa Pili

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, bati halijanyamaza, na mikono yangu haina kazi kwa mara ya kwanza katika miaka mingi.

Wamemchukua Akello.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nikaipapasa mara tatu. Haibadiliki.

Mama yake alikuja asubuhi kwa miguu kutoka Luzira, amelowa chapachapa. Ni mjane wa askari jela, na sijawahi kumsikia akilia. Leo pia hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, wamebeba Akello jana mchana, pale soldia wanafunga barabala ya Port Bell. Waliona ile kadi yako ya kusomesha. Wanasema iko siri ya adui." Dada yangu Nafula alimletea kiti, hakukaa. "Wewe najua kusoma ile kitu. Enda waambie. Wamepeleka yeye Mbuya."

Mbuya, kambini kwa wanajeshi. Watu wakifika kwenye jina hilo siku hizi hupunguza sauti, hata walio peke yao jikoni.

Nilimwambia nitakwenda. Alipoondoka, nilikaa. Huo ndio ukweli wa kwanza wa leo.

Ngoja nieleze mambo kwa utaratibu, maana kichwa changu kimekuwa kama soko la Nakasero. Mimi sioni tangu surua ya utotoni. Nilisoma nukta nundu Kenya, shule ya wasioona, kwa mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akitupiga vidole tukikosea, vidole vilevile tulivyohitaji kusomea. Leo nafanya kazi katika ofisi ya serikali yenye kompyuta. Mashine ile hulishwa kadi ngumu zenye matundu madogo, na kila safu ya matundu ni herufi au namba. Wenzangu huziinua kwenye taa kutafuta makosa. Mimi huzipapasa. Umeme ukikatika, na siku hizi unakatika kila tukipumua, wao hupiga soga kuhusu sukari inakopatikana. Mimi naendelea na kazi. Nilikuwa nikijivuna sana kwa hilo. Bado najivuna, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo nilijiuliza: kama mimi ninaweza, kwa nini niwe peke yangu? Tuko wengi mjini tunaokaa vibarazani tukihesabu nyayo za wapita njia. Nilimsumbua mkubwa wetu ofisini mpaka akachoka, akakubali nilete mtu mmoja asiyeona ajaribiwe Jumatatu ijayo. Akifaulu, anaajiriwa, na mlango unabaki wazi kwa wengine. Nikamchagua Akello. Ana umri wa miaka ishirini na miwili na vidole vyepesi kuliko vyangu, ingawa sijamwambia.

Karatasi nene ya kuandikia nukta haipatikani tena Kampala. Imekwenda huko chumvi na sabuni zilikokwenda. Nikamwuliza mkubwa kama naweza kuchukua kadi zilizoharibika. Akasema, "Chukua, ni takataka hizo." Basi nikawa naandika masomo ya Akello kwenye kadi hizo, sehemu isiyo na matundu. Na shajara yangu pia.

Hapo ndipo palipo na kosa langu.

Kadi za masomo zilikuwa kwenye boksi moja na za shajara kwenye jingine. Jumapili Nafula alipokuwa akifagia aliyagonga yote mawili yakamwagika. Nikamwambia aache, nitapanga mwenyewe. Nilizipanga kwa kupapasa neno la kwanza tu, kwa sababu shajara yangu huanza na siku ya wiki. Kadi isiyoanza na siku, nikaiweka kwenye masomo. Nilisahau kwamba siku ninapokuwa na mengi ya kusema, naendelea kwenye kadi ya pili. Kadi ya pili haina siku.

Leo mchana nimezihesabu mara nne. Kadi ya pili ya Jumanne ile waliyomchukua jirani yetu fundi cherehani haipo. Jumanne hiyo niliandika kwa hasira. Niliandika kwamba watu hawa watatumaliza mmoja mmoja huku tukiwapigia makofi, na kwamba ningekuwa na macho ningeyatumia kuwatazama wakianguka. Jana asubuhi nilimpa Akello kadi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, bila kuipapasa, na juu yake nikamwambia, "Hili ni somo refu, lisome mpaka ulishike."

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja hata niwe babu.

Kabla ya kuhesabu nilikwenda ofisini. Nilidhani mkubwa ataandika barua fupi tu, kwamba kadi zilitoka kwake na nukta ni herufi za wasioona. Alinisikiliza. Nilisikia kiti chake kikirudi nyuma polepole.

"Kadi gani?" akaniuliza.

Nikamkumbusha.

"Mimi sikukupa kadi yoyote. Na Jumatatu usilete mtu. Mambo haya ya vipofu na kompyuta yamekwisha."

Alikuwa ananong'ona. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa sababu asubuhi mimi pia nilikuwa nimekaa kitini. Nilichoka tu. Miezi yote ile ya kuomba na kubembeleza, na mlango umefungwa kwa pumzi moja.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba Akello hajui kudanganya akisoma. Nimemfundisha mimi. Kidole kikigusa, mdomo unasema kilichopo. Watamwekea kadi ile mbele yake waseme, soma. Atasoma neno la kwanza, la pili, na atakapoelewa anasoma nini atakuwa ameshachelewa. Nao wataona ni maneno yake. Nani mwingine ayaandike? Msichana kutoka kaskazini, kwa watu wanaowasaka, mwenye jina la huko, mwenye kadi za serikali mfukoni.

Nafula amechoma kadi za maboksi yote mawili kwenye sigiri ya mkaa. Nyumba nzima inanuka. Nilimsikia akizitia chache chache, akikohoa, bila kuniuliza zilikuwa zimeandikwa nini. Amenibakizia kadi chache ninazoandikia sasa.

Halafu akanijia akasema, "Na hicho kibao nipe, nikakitupe chooni."

Kibao ni kile cha chuma cha kuandikia nukta, cha tangu shuleni. Unabana kadi ndani yake, unabonyeza kwa msumari wake, nukta zinainuka upande wa pili. Changu ni kibovu. Kijumba cha mwisho cha mstari wa pili kimelika, na msumari ukifika hapo hauinui nukta, unatoboa kadi. Kila kadi niliyowahi kuandika ina tundu hilo mahali palepale. Akello alikuwa akifika hapo anacheka. "Mwalimu, shimo yako tena!" Nami namwomba radhi kila mara kama mwenyeji mwenye kiti kibovu.

Nafula ana akili. Ameelewa kabla yangu. Bila kibao hiki, kadi ile haina mwenyewe, na mimi ni kipofu tu aliyekuwa akifundisha a, e, i, o, u. Naweza kwenda ofisini kesho. Naweza kuishi.

Na Akello atabaki ndiye mwandishi.

Nimekishika kibao tangu jioni, baridi ilipoanza kunipiga shavuni. Ninaogopa. Naandika wazi: ninaogopa, na si mara moja nimenyanyuka kwenda chooni nikiwa nacho mkononi. Mara ya mwisho nilifika mlangoni. Nilimsikia Nafula akikohoa uani kwenye mvua. Nikarudi ndani.

Sitawaambia kadi ile haina maana. Hawataamini, na huenda Akello ameshawasomea. Nitawaomba waweke kadi ndani ya kibao, na kila askari apitishe kidole chake kwenye mstari wa pili, mpaka mwisho, pale tundu linapokutana na kijumba kilicholika. Hilo halihitaji shule wala macho. Watajua aliandika nani.

Kadi hizi nimemwambia Nafula azifukie ndani ya unga wa mahindi. Akikua mtu katika nchi hii mwenye vidole vya kuzisoma, azisome.

Kibao nimekitia kwenye mfuko wa koti. Koti liko mlangoni. Mama yake Akello alisema niende nikawasomee, lakini nakwenda kuwafundisha kupapasa.