Mvumo Wako, Baba, na Zege la Kaka

Mwaka umetimia tangu utuache, Baba, na nianze kwa kukiri hadharani: siku ile ya mvumo, mjinga nilikuwa mimi.

Ulikuwa fundi bomba, mwepesi kwa mabomba ya majirani, mzito kwa letu lililovuja miaka mitatu. Kando ya geti, kwenye mchanga na upepo wa chumvi, ulifukia kokwa ya mvumo, ule mti wa jamii ya mnazi, ukamwagilia ardhi tupu mwaka mzima. Tulikucheka. Ukasema mvumo huzamisha mzizi kwanza, jani ni baadaye. Likatoka kweli, na miaka ikapita, shina likanifika kifuani.

Mimi kinyozi nikaona mti umejaa sana kichwani. Ukiwa kazini nikachukua panga, nikaukata kilele ili utoe matawi pembeni. Mti ukafa wote.

Hukupiga kelele. Ulisema tu, “Mvumo una kichwa kimoja. Wewe hata hicho huna.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho kwangu. Miezi minane ulipitia kwa Mama: mwambie kinyozi wako apunguze redio. Nami kwa kiburi nikajibu kupitia kwa Mama huyohuyo, tukiwa meza moja. Ukafukia kokwa nyingine palepale, ukaizungushia waya, na waya ule haukuwa wa kuzuia mbuzi. Kisha ukaondoka, hatujapatana. Hapo utani wangu unaishia.

Jumamosi kaka mkubwa alileta mifuko ya saruji. Anataka kumwaga zege palepale, aegeshe gari. Nikasimama mbele ya waya. Akauliza tangu lini muuaji akawa mlinzi, nikamwambia gari lenyewe linasukumwa zaidi ya linavyoendeshwa. Tulishikana mashati, Baba, watu wazima na vipara vyetu. Mama alikuwa anamwagilia mchanga, kama afanyavyo kila asubuhi tangu uende.

Tunaokukumbuka ni mkeo, wanao wawili tusioamkiana, mkwe wako na wajukuu watatu. Hututoki moyoni hata siku moja. Neno la mwisho ni la Mama, kwani kaka alipomwambia kwa mara ya tatu kwamba pale chini hakuna kitu, Mama alitua ndoo, akamtazama.

“Hata wewe, miezi mitatu ya mwanzo, mama mkwe wangu alisema humu tumboni hamna kitu.”