Mstari wa Ndugu wa Damu

3 Machi
Dada mpendwa,
Shikamoo. Hujambo? Magoti je? Mimi mzima. Naandika kwa sababu simu ungenikatia.

Duka la dawa lililo karibu na karakana yetu linapima watu moyo bure. Mfamasia alinipima presha, akanitoboa kidole, akanizungushia futi kiunoni mpaka nikaona haya. Presha iko juu. Halafu akauliza: "Kuna ndugu wa damu aliyekufa kwa moyo kabla ya uzee?" Nikamwambia nitamwuliza dada. Dada, baba alikufa kwa ugonjwa gani hasa? Najua sikuja kumzika. Nijibu hilo tu.
Mdogo wako

29 Machi
Bwana Mdogo,
Marahaba. Magoti yananinung'unikia tu. Miaka ishirini kimya, leo unauliza maswali kama karani! Nililia nilipouona mwandiko wako, kisha nikakasirika.

Baba alikuwa na miaka hamsini na moja. Wiki nzima alisema ni kiungulia, anatafuna vidonge. Siku ya saba akaangukia cherehani, nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano. Nilimshika peke yangu. Hapo ndipo nilipokukasirikia.

Cherehani ninayo mimi sasa. Nyumba kubwa, nabishana na redio. Na kiungulia chake nimekirithi, wiki hii nimemaliza pakiti nzima ya vidonge! Ukipata likizo njoo, nimekukumbuka mno.
Dada yako

8 Aprili
Dada,
Shikamoo. Hicho si kiungulia! Mfamasia kaisoma barua yako, akasimama. Acha kila kitu, nenda hospitali leo hii. Namba yako aliyonipa shangazi haipatikani. Barua nampa dereva wa basi aikimbize. Bosi kaniruhusu Jumamosi, nakuja.
Mdogo wako

2 Mei
Dada yangu,
Shikamoo. Najua hutaitikia.

Safari hii nilikuzika. Barua yangu niliikuta mezani, imefunguliwa, na nguo yako ya kutokea iko kitini, imepigwa pasi. Jirani anasema ulimwambia unamalizia gauni la mteja, kisha uende. Ningekuja siku ileile, Dada. Nilimngoja bosi.

Dawa nimeanza. Jana nilirudi kwa mfamasia kujaza karatasi. Kwenye mstari wa ndugu wa damu nikaandika: Baba, hamsini na moja. Akauliza taratibu, "Mwingine?" Nikaandika: Dada, arobaini na nane.

Chini wanataka namba ya mtu wa kupigiwa nikizidiwa. Nilikaa nayo mpaka wakaanza kufunga duka. Mwisho nikaandika yako.
Mdogo wako