Harufu Ilipokwisha

Palma, Ijumaa

Kwa dada yangu mpenzi Umi,

Assalamu alaikum. Natumai wewe na kichanga hamjambo, na kwamba Mama Mkubwa huko Mtwara bado anakulazimisha uji wa pilipili manga. Huku sote tuko hai, na neno hilo siliandiki kwa mazoea.

Mumeo yu hai. Nimelitanguliza maana nakujua, ungeruka mistari kulitafuta. Jumatatu Mshamu alianguka ndani ya tangi tulilokuwa tukilisafisha kule bohari ya mafuta. Alivutwa kwa kamba, akalazwa, na hadi leo yuko wodini. Sasa anakula na kulalamikia chumvi ya hospitali, ila kifua bado kinambana.

Asubuhi ile tope la tangini lilinuka mayai viza. Kipimo cha hewa kilikuwa kimeisha chaji, lakini chefe Dário, msimamizi wetu, akasema kazi haingoji betri. Mimi nilikaa mlangoni mwa tangi, kushika kamba na kuwatafsiria wenzangu Kireno chake.

Ofisi imeandika kwamba Mshamu alivua barakoa kwa ukaidi. Ukaidi anao, wewe wajua, ndiyo maana kila mtu ameamini. Wanataka aitie saini karatasi hiyo Jumatatu ijayo, naye amekubali. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia nimwache apumue.

Dada, hapa soma polepole. Siku ile Mshamu aliniuliza kutoka ndani ya tangi kama bado kunanuka. Nikaingiza uso, nikanusa kama tunavyonusa samaki jikoni, sikusikia kitu. Nikamwambia harufu imekwisha, avue tu barakoa apumzike. Baadaye muuguzi Felismina akanieleza kwamba hewa ile ikizidi huua pua kwanza, usiisikie tena. Sikujua, wala hakuna aliyetufundisha. Lakini sauti aliyoisikia mumeo ilikuwa yangu, na anaificha ili nisifukuzwe.

Nimekataa kufichwa. Jana nilikwenda kwa mkaguzi wa kazi, nikaandikisha yote: kipimo, Dário, na maneno yangu mwenyewe. Nimetia saini. Leo walinzi wamenizuia getini pa bohari, na sijuti. Jumatatu nitakuwa kando ya Mshamu, na karatasi ile ya uongo haitapata saini yake.

Naona aibu, dada, na ninaogopa jibu lako. Nikasirikie utakavyo, ila usimwombee mumeo msamaha kwa mtu yeyote, maana hana kosa.

Msalimie Mama Mkubwa, nibusie mtoto. Siku atakapouliza, mwambie baba yake hakuwa mkaidi. Alinisikiliza mimi, mama yake mdogo.

Mdogo wako,
Khairiya