Enduru Iliyokwama Kooni

Mshauri mpendwa,

Barua hii nimeichana na kuianza upya, na sasa naituma ili unisaidie kabla ya Pasaka. Majina nimeyabadili.

Alhamisi tarehe 14 Machi 1968 watu wa nyumba zetu kumi walikwenda shamba la ujamaa kama kila Alhamisi, mimi nikabaki kwa kuwa mtoto alikuwa na homa, na mchana nikamwona mtu akitoka katika kibanja, shamba la migomba, cha jirani yetu Bibi Kokuberwa, mjane anayelea wajukuu, amebeba mkungu wa ndizi, nikafungua kinywa nipige enduru, ule ukelele wa kuita majirani ambao kwetu hakuna anayeusikia akabaki ameketi, na hapo mtu yule akageuka nikaona ni Karugendo, mdogo wa mume wangu, na sauti ikakwama. Hakukimbia. Alisema, "Piga tu, shemeji. Nimechoka." Kisha akaenda zake.

Sikupiga, kwa sababu mwaka jana kitongoji cha pili enduru ilipopigwa watu walikuja na fimbo na mapanga, na mwizi hakufika polisi akiwa hai.

Jumapili baada ya misa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rutashobya, aliitisha mkutano akasema mikungu inaibwa kila Alhamisi, na baada ya Pasaka vijana watajificha migombani wamkamate mwizi, na mume wangu Philbert, ambaye hajui lolote, akasimama mbele ya wote akasema, "Wa kwanza kumpiga nitakuwa mimi," wakamshangilia, Bibi Kokuberwa akamshika mkono kumshukuru, nami nikatazama chini. Karugendo si mtu mbaya, ndiye aliyembeba mtoto wangu mgongoni hadi zahanati mvua ikinyesha, ila tangu baba yao afariki na kibanja chote kikawa cha mume wangu amekuwa mtu wa kupitapita, na kwetu haji kula tena tangu Philbert alipomwambia mbele ya wageni akajitafutie. Nikisema watamuua, nikinyamaza watamuua, na mjane anaendelea kuibiwa. Nifanye nini?

B., Kimwani, Muleba

Mwanangu B.,

Pole. Sauti iliyokwama siku ile iliokoa mtu, usiionee haya. Lakini kunyamaza hadi leo ni jambo jingine, na hapo nakugombeza: wajukuu wa Bibi Kokuberwa wanalala na njaa wewe ukijua.

Umeandika mengi juu ya wizi, na sababu yake umeitaja mwishoni kama kitu kidogo. Kijana hana hata mgomba mmoja, na kaka yake amemfukuza kwenye chakula. Mkimvizia na kumpiga, Alhamisi inayofuata nyumba zenu zitakuwa tupu vilevile, na atakuja mwingine.

Leo, mume wako akishakula, mwambie. Atakasirika, kisha atakumbuka alichoahidi mkutanoni na ataogopa. Hapo usimwache atoke peke yake. Kesho asubuhi nendeni na Karugendo kwa balozi, kijana aseme kwa kinywa chake. Mwombeni mzee kila Alhamisi watu wawili wabaki kwa zamu kulinda nyumba zote, na ulinzi huo uhesabiwe kuwa kazi ya ujamaa. Tena mkubaliane kwamba anayeitikia enduru aje mikono mitupu, mtu ashikwe na kufikishwa polisi mzima. Mzee hatakataa, hakuna balozi anayetaka kuzika mtu wa nyumba zake kumi.

Philbert naye amkatie mdogo wake sehemu ya kibanja, balozi akiwa shahidi. Sisemi ni rahisi. Mimi ni Mhaya, najua tunavyovipenda vibanja vyetu. Mkumbushe ni nani aliyembeba mtoto wenu kwenye mvua.

Bibi Kokuberwa apelekewe mkungu kutoka kwenu, mkubwa kuliko ule. Aubebe Karugendo mwenyewe, mchana, kwa njia ileile, nawe tembea karibu naye watu waone hayuko peke yake. Bibi akiuliza, usijibu wewe. Ajibu yeye.