Kidonge Kila Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Treni imefika, ndivyo tunavyoiita mashine mpya ya kuchapia. Ilibidi wabomoe kipande cha ukuta wa nyuma ndipo ipite. Roli la karatasi linaingia upande huu, upande wa pili barua zinatoka zimeshakatwa na kukunjwa. Ikiwaka tunaongea kwa ishara kama mabubu.

Kwa hiyo Bibi anastaafu. Ndilo jina tulilompa mashine ya zamani — polepole, mkaidi, lakini hajawahi kutudanganya. Tatizo ni moja: fonti zote tunazochapia zimo tumboni mwake, na hazihamishiki. Meneja kaniambia mimi ndiye mwenye herufi humu ndani, nihakikishe mteja haoni tofauti. Kusema ni rahisi.

Kuna bili za maji. Kuna notisi za kodi. Halafu kuna barua za dawa za kliniki, zile anazotumiwa mgonjwa kumwelekeza atumie vipi dawa zake. Hizo ndizo zinaninyima raha. Bili ikikosewa, mtu atakuja dirishani kutugombeza. Barua ya dawa, mtu anaimeza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebaki na fonti mbili. Meneja anaitaka ile nyembamba, maelezo yote yaenee ukurasa mmoja. Mimi naitaka pana. Katika ile nyembamba, tatu na nane ni mapacha. Moja na saba nazo zinaelekea huko huko.

Nimezichapa zote mbili nikaja nazo nyumbani, nikampa mama mkwe asome bila miwani. Ya kwanza ameisogeza mbali, akaisogeza karibu, mwisho akairudisha mezani. Akasema hayo si maandishi, ni sisimizi wamepanga foleni. Ya pili kaisoma hadi chini, na akanisahihisha nilipoacha nafasi mbili. Mume wangu akacheka, eti mama apewe kazi pale.

Mama anatumia dawa ya moyo. Barua hizi zinamjia na yeye.

Jumanne, 11 Machi

Meneja kakubali fonti pana. Nilimwambia mkwe wangu ndiye jaji. Hakucheka ila kakubali.

Tumekwama penginepo. Fundi aliyeletwa na Treni — tunamwita Sawasawa, kwa kuwa ukimuuliza lolote jibu ni hilo — anasema kila barua ikibeba fonti yake, faili linakuwa zito na Treni inatambaa kama konokono. Ushauri wake: tuipe mashine sampuli moja yenye fonti, iihifadhi ndani, kisha barua ziende mikono mitupu. Nikamuuliza, na ikikuta herufi isiyoijua, itasimama? Sawasawa, akasema, haiwezi kukuta isiyoijua, si fonti ni ile ile.

Sampuli nimeiandaa mimi. Barua ya mgonjwa mmoja, nimefuta jina. Imetoka safi. Nimeisoma mara mbili, nimeweka sahihi.

Jumamosi, 15 Machi

Barua za dawa zimetoka zote leo asubuhi. Kazi ya Bibi ya wiki nzima! Meneja kanunua soda. Sawasawa kafunga begi lake na kuaga. Nimechomoa barua mbili tatu kwenye rundo: maandishi yamesimama vizuri, meusi, yanasomeka. Bibi wamemfunika turubai.

Jumatatu, 24 Machi

Mama hali vizuri. Tangu juzi anatapika. Tulidhani ni chakula. Leo kaniuliza kwa nini nimebadilisha taa ya sebuleni, mbona ukuta umekuwa wa njano. Ukuta ni mweupe, mama. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayemficha kitu.

Mume wangu anasema ni macho ya uzee. Sijui. Kesho nikitoka kazini nampeleka.

Jumatano, 26 Machi

Hatukungoja nitoke kazini. Jana asubuhi alianguka akitoka bafuni. Mapigo ya moyo yalikuwa chini sana, muuguzi alimshika mkono mara tatu kabla ya kuamini. Wamemlaza.

Daktari aliposikia habari ya kutapika na ukuta wa njano, akauliza anameza kiasi gani cha dawa ya moyo. Mume wangu akajibu nusu, siku zote nusu. Mama akatikisa kichwa pale kitandani. Akasema kwa sauti ndogo: "Wamenipandisha, mwanangu. Sasa ni kizima."

Nikamuuliza, nani kakupandisha?

"Barua."

Nikarudi nyumbani mbio. Barua ilikuwa kwenye droo ya kitanda chake, imekunjwa kwa adabu. Maandishi makubwa, meusi, yanasomeka. *Meza kidonge kila asubuhi.*

Nilikaa kitandani kwake nikiisoma. Nilidhani kweli daktari kabadilisha. Kisha nikaona ule mwanya, kati ya kidonge na kila. Umezidi kidogo. Mtu mwingine asingeuona. Mimi kazi yangu ni mianya.

Barua ya zamani ilisema: *Meza kidonge ½ kila asubuhi.*

Sampuli yangu haikuwa na nusu. Mgonjwa niliyemchagua alikuwa anameza viwili. Treni imehifadhi herufi ilizoziona kwenye sampuli tu, na ilipofika kwenye nusu haikuwa nayo, ikaruka. Haikusimama. Haikuandika hata kiboksi cha kuonyesha kuna herufi imekosekana. Na sentensi iliyobaki ni Kiswahili safi kabisa, haina kosa.

Alhamisi, 27 Machi

Nilifika kazini kabla ya meneja. Nikamfunua Bibi, nikamwasha, nikampa faili lile lile la kliniki. Nusu zikatoka zote. Kliniki hawakukosea. Ni sisi.

Meneja alinikuta karatasi ziko mkononi. Swali lake la kwanza: nani kaniruhusu kuwasha mashine ile. Nikamwonyesha. Kasoma. Kakaa. Nikajua ameelewa. Nikasema tuwapigie kliniki sasa hivi.

"Subiri kwanza," akasema. "Mwanasheria anarudi Jumatatu."

Watu wanameza kesho asubuhi, bosi.

"Na wewe ndiye uliyesaini sampuli. Nakulinda wewe pia, hulioni hilo?"

Nimeliona. Nilirudi mezani kwangu, nikakaa nikiangalia kioo cha kompyuta. Wenzangu wanapanga bili. Nilikaa mpaka chai ya saa nne. Sijivunii ule muda.

Kisha nikachukua mkoba nikaenda kliniki kwa miguu.

Mfamasia ni mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilipomaliza akauliza nimetumwa na nani. Nikasema sikutumwa. Akasema, "Vuta kiti, dada," akafunga dirisha la dawa, akaanza kumtafuta kila aliyeandikiwa nusu.

Jioni hospitali. Ikabidi nimwambie mume wangu. Kwenye korido, karibu na mlango wa wodi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Ile fonti aliyoisifia mama?"

Ndiyo.

Akaingia wodini. Nikamfuata, akanionyesha kwa mkono nibaki. Mama kalala, mapigo yamepanda kidogo, hayajafika panapotakiwa. Mume wangu halali nyumbani leo.

Ijumaa, 28 Machi

Sikwenda kazini. Meneja kapiga, sikupokea. Kisha ujumbe: nifikirie watoto wa wenzangu, kampuni ikifa tunakufa wote. Nimefikiri. Ni kweli. Lakini nimekaa na mfamasia kutwa nzima, yeye na simu yake, mimi na yangu.

Wengi wanashukuru. Mmoja kasema alistuka, akaendelea na nusu yake kama kawaida, karatasi haiwezi kumfundisha moyo wake. Nilicheka nikashindwa kunyamaza, mfamasia akanisukumia maji. Mwingine yuko wodi moja na mama mkwe, vitanda viwili pembeni, na hakuna pale aliyewahusisha wawili hao. Wengine hawapokei.

Jioni nikapiga kwa bibi mmoja wa mtaa wa nyuma ya stendi. Akapokea mwanamume, akasema ni mwanawe. Nikasema napiga kuhusu dawa za mama, napiga kutoka kliniki.

"Mmechelewa. Tumemzika jana."

Nikasema pole. Mfamasia aliniona, akaacha kupiga yake.

Yule baba alikuwa mpole. Akasema tusijisumbue, umri ulikuwa umekwenda, na yeye mwenyewe alikuwa akimpa dawa kila siku kwa mkono wake, hakuna siku aliyosahau. Anayo barua. Akaenda kuichukua bila kuombwa, nikasikia mlango, nikasikia karatasi. Akanisomea, taratibu, kama anayetaka nimpe alama.

"Meza kidonge kila asubuhi. Ndivyo nilivyompa. Kwani ilitakiwa iwe vipi?"

Nikamwambia nitakuja mwenyewe kesho.

"Kuja kufanya nini?"

Nikasema nitakuja.

Jumamosi, 29 Machi

Naandikia ndani ya gari la mfamasia. Yeye kashuka kununua maji, au kashuka ili nipate kupumua. Tuko upande wa pili wa barabara, mbele ya nyumba yao. Viti vya kukodi vimepangwa ukutani vinangoja kuchukuliwa. Madirisha wazi. Kuna mwanamke anafagia uwanja.

Meneja kaniandikia tena alfajiri. Nikizungumza na familia yoyote, nizungumze kama mimi, si kama kampuni. Mume wangu kanitumia maneno mawili: mama kaamka. Sijui kama ni habari tu au ni kunirudia. Sikumwuliza.

Mfamasia anasema hatuwezi kujua. Moyo wa miaka ile ungeweza kusimama kwa nusu, kwa kizima, kwa bila dawa kabisa. Anasema hilo nalo nimwambie. Njiani nilikuwa nalipanga: nianze na hilo, au nimalizie na hilo. Nikianza nalo, najitetea. Nikimalizia nalo, najitetea vilevile.

Ila kuna jambo moja siwezi kulikwepa kwa namna yoyote nitakavyolipanga. Atauliza kama ni yeye aliyesababisha. Alisema kwa mkono wake. Nikimweleza kuhusu nusu, ataanza kuhesabu asubuhi zake moja moja. Nisipomweleza, atabaki anajisifu kwa watu kwamba hakusahau hata siku moja, mpaka asikie mtaani.

Mwanamke kaacha kufagia, anatuangalia. Kaita mtu ndani.

Ametoka. Ni mdogo kuliko sauti yake. Kavaa shati lililopigwa pasi. Barua anayo mkononi, kaishika wazi, hajaikunja. Anavuka uwanja kuja kutufungulia lango, na mfamasia bado hajarudi.