Neno Zima Kati ya Pigo na Pigo

Unguja mjini, mwezi wa Rajabu, 1971

Bi Mkubwa wangu,

Assalaam alaykum, mama. Leo asubuhi nimekimbia tena mpaka Bububu. Najua hukupenda, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka nikirudi, ulivyokuwa ukinikalisha ukumbini juu ya mkeka mpaka nipoe? Kisha unanishika mshipa wa mkono, unavuta uradi kimyakimya, Subhanallah baada ya Subhanallah. Hiyo ndiyo saa uliyokuwa nayo ya kupimia moyo wangu. Kabla sijaanza mbio, pigo la pili lilikuwa likikukata hujamaliza "Subhanallah" moja. Baada ya miezi ya kukimbia, neno likaingia zima kati ya pigo na pigo, na nafasi ikabaki. Ukaniachia mkono kama umeungua. "Mwanangu, moyo huu unazimika!" Jioni ile ile ukaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi. Nikalinywa lote huku unanitazama.

Ulikuwa ukisema kila mtu kapewa mapigo yake kwa hesabu, na mimi yangu nayamwaga barabarani. Bi Salama jirani alicheka tu akiniona napita: "Huyo! Gari ya shamba ishamwacha tena!" Wewe hukucheka.

Kisha ukaugua wewe. Moyo wako, ambao haukupata kukimbia hata kuwahi samaki sokoni, ukawa unakwenda mbio juu ya kitanda. Nilikushika mshipa kama ulivyonifunza. Hata nusu ya neno haikuingia. Ukanambia, "Wako utunze, Haji." Baada ya kukuzika na kukusomea hitima, nikazitundika raba zangu msumarini.

Nilidhani nautunza, mama. Lakini kabla mwaka haujaisha, ngazi za nyumba yetu zikawa zinanihemesha, na pigo likarudi kunikata katikati ya neno, kama zamani. Nikaogopa. Nikaenda hospitali, daktari akanisikiliza kifua, nami nikamweleza habari yako yote, hata kombe. Hakucheka. Alisema moyo ni nyama, na nyama inayofanyishwa kazi taratibu kwa muda mrefu hupata nguvu. Moyo hutanuka ndani, ukajaa damu zaidi, na kila pigo likasukuma nyingi. Kwa hiyo mtu akitulia, mapigo machache humtosha. Mapafu yenyewe hayakui sana. Misuli ya kifua ndiyo inayozoea kuvuta pumzi ndefu, na miguu nayo hujifunza kuchukua vizuri hewa iliyomo damuni. Mtu akiacha, vyote hurudi vilikotoka.

Nilitoka pale nikatembea bila kujua naelekea wapi. Fikiri, mama. Barabarani moyo unakwenda mbio, kweli, ila mchana kutwa na usiku kucha unapiga polepole. Ulidhani nayamwaga, kumbe nawekewa akiba. Na mimi sikujua lolote! Mimi nilikuwa nafunga kamba za raba tu. Kazi yote ile ilikuwa ikifanyika humu ndani, gizani, bila ya mkono wangu.

Kuanza tena kulikuwa na taabu. Siku za mwanzo nilifika Mtoni, nikashika kiuno, nikarudi natembea. Bi Salama akanipokea mlangoni: "Leo hata gari ya ng'ombe imekushinda, mwanangu!" Nilicheka, kisha nikalia kidogo, maana nilitamani ungekuwapo umkaripie.

Leo nimerudi kutoka Bububu nikakaa ukumbini, mahali pako, mpaka nikapoa. Nikajishika mshipa. Subhanallah. Likaingia zima, mama. Na nafasi ikabaki. Nikalisema tena, na safari hii sikuwa napima kitu.

Basi lala salama, Bi Mkubwa. Nakuahidi nitautunza kama ulivyoniusia, ila nitautunza kwa kuukimbiza. Na kila nitakapojishika mkono nikalisema lile neno, thawabu yake iwe yako.

Nawe, huko uliko, unikumbuke.

Mwanao,
Haji